Mtoto Huzaliwa Anajua Nini?

Mwezi Julai 1688, William Molyneux, mwanasayansi wa Dublin, aliandika barua kwa jarida moja lililokuwa limechapisha muhtasari wa kitabu cha John Locke kabla hakijatoka. Alikuwa na swali. Tuseme mtu amezaliwa kipofu, na kwa kupapasa tu amejifunza kutofautisha tufe na mchemraba. Siku moja anapata kuona. Vitu hivyo viwili vinawekwa mezani mbele yake, naye haruhusiwi kuvigusa. Je, atajua kipi ni kipi?

Barua hiyo haikujibiwa. Miaka mitano baadaye Molyneux aliuliza tena, na safari hii Locke aliliingiza swali lake katika toleo la pili la kitabu chake, mwaka 1694. Wote wawili walikubaliana kwamba jibu ni hapana. Kwa Molyneux jambo hili halikuwa fumbo la kupitishia muda: mkewe Lucy alikuwa amepofuka muda mfupi baada ya harusi yao.

Swali hilo dogo limebeba ugomvi mkubwa. Ikiwa akili huzaliwa na dhana ya umbo, inayotumiwa na mkono na jicho kwa pamoja, mtu yule atatambua tufe papo hapo. Ikiwa kila kitu hujifunzwa, na kila mlango wa fahamu huanza na moja, atatazama asielewe anachokitazama. Kabla ya hapo wanafalsafa walikuwa wamebishana kwa karne nyingi bila kupata kitu cha kuweka mezani na kukipima.

Plato aliegemea upande wa kuzaliwa. Katika majadiliano yake yanayoitwa Meno, Sokrate anamwita mtumwa kijana ambaye hajawahi kufundishwa jiometri, anamuuliza maswali mfululizo, na kijana anaishia kuona kwamba mraba wenye eneo maradufu huchorwa juu ya mshazari wa ule wa kwanza. Kwa Plato huo ni ushahidi kwamba roho inakumbuka ilichokijua tangu zamani. Msomaji mkali huona jambo jingine: maswali ya Sokrate yamekaa vizuri mno, kiasi kwamba nusu ya jibu imo ndani yake.

Ibn Tufayl, tabibu na mwanafalsafa wa Andalusia aliyefariki mwaka 1185, aliliendea suala kwa hadithi. Mhusika wake, Hayy bin Yaqdhan, anakulia kisiwani peke yake akinyonyeshwa na paa. Paa anapokufa, Hayy anampasua kifua kutafuta kilichomtoka. Kuanzia hapo anachunguza moto, wanyama na nyota, mpaka anamfikia Muumba kwa kutazama na kufikiri, bila mwalimu wala kitabu. Mwaka 1671 hadithi hiyo ilitolewa Oxford kwa Kilatini, ikiwa imetafsiriwa na Edward Pococke mdogo. Baba yake, mtaalamu mashuhuri wa Kiarabu, alifahamiana na Locke na kuheshimiwa naye, na wapo wanahistoria wanaoona alama ya Hayy katika kitabu cha Locke.

Hoja ya Locke ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuivunja. Ikiwa kanuni kama ile ya kwamba kitu hakiwezi kuwepo na kutokuwepo kwa wakati mmoja ni ya kuzaliwa nayo, basi watoto wachanga wangekuwa wa kwanza kuijua. Hawaijui. Leibniz alimjibu kwamba kuzaliwa na kitu si lazima kuwe kukijua waziwazi. Huenda akili ina mielekeo inayosubiri kuamshwa. Alimaliza kitabu chake cha majibu mwaka 1704, lakini Locke akafariki mwaka huohuo, naye akaona si vizuri kumjibu marehemu. Kitabu kikatoka mwaka 1765, miaka karibu hamsini baada ya Leibniz mwenyewe kufa. Mwaka 1781 Kant akajaribu kuwapatanisha: maarifa yote huanza na tajriba, alisema, ila akili huipokea tajriba hiyo kwa mpangilio wake yenyewe wa mahali, wakati, na sababu na matokeo.

Hapo falsafa ilikuwa imefika mbali kadiri ilivyoweza bila vipimo. Tangu wakati huo, maendeleo yametoka kwa watu walioacha kuuliza habari za "maarifa" kwa jumla wakauliza habari za jambo moja moja: umbo, idadi, sarufi, woga wa nyoka, kutembea. Majibu yao hayafanani, na hapo ndipo penye funzo.

Jicho lilikuwa la kwanza. Mwaka 1728 daktari wa London, William Cheselden, aliandika habari za mvulana wa miaka kama kumi na mitatu ambaye hakuwa akiona tangu utotoni, na ambaye yeye alimfanyia upasuaji wa mtoto wa jicho. Siku za mwanzo mvulana huyo alidhani kila anachokiona kinamgusa macho. Hakutambua umbo la kitu chochote. Alikuwa akisahau kila mara yupi ni paka na yupi ni mbwa, akiona haya kuuliza tena. Siku moja alimkamata paka, ambaye kwa mkono alimfahamu vizuri, akamkazia macho huku amemshika, kisha akamweka chini akimwambia kwamba safari nyingine atamjua.

Wafuasi wa Locke walishangilia. Wapinzani wao wakasema jicho lililotoka kukatwa, bila lenzi, haliwezi kuwa shahidi wa haki. Mzozo ulibaki hapo kwa karibu miaka mia tatu, hadi Pawan Sinha, profesa mzaliwa wa India anayefundisha Massachusetts, alipoanzisha mradi wa Prakash. Mradi huo huwatafuta watoto wa vijijini India waliozaliwa na upofu unaotibika, huwapatia upasuaji, kisha huchunguza jinsi wanavyojifunza kuona. Mwaka 2011 timu yake ilitoa matokeo ya watoto watano wenye umri kati ya miaka 8 na 17, waliopimwa ndani ya saa 48 baada ya upasuaji. Kila mtoto alipewa umbo fulani, kama kipande cha kuchezea cha kujengea, kisha akatakiwa kulichagua kati ya mawili. Akishika na kuchagua kwa kushika, alipatia karibu kila mara. Akitazama na kuchagua kwa kutazama, alipatia zaidi ya mara tisa katika kumi, kwa hiyo macho yalikuwa yakifanya kazi. Aliposhika kwanza na kuchagua kwa macho, alikuwa kama mtu anayebahatisha.

Locke na Molyneux walikuwa sahihi, basi. Lakini waliporudiwa siku chache baadaye, watoto waliopimwa tena walikuwa wamepanda sana, bila mtu yeyote kuwafundisha kulinganisha mkono na jicho. Kitu walichokosa kwa miaka mingi walikipata kwa siku. Ubongo usio na matarajio yoyote juu ya uhusiano wa mguso na mwono usingeharakisha hivyo. Tena, mwaka 2024 watafiti walitoa matokeo ya vifaranga walioanguliwa gizani wakakaa na vitu vilaini au vyenye vinundu bila kuviona: taa ilipowashwa, mwenendo wao mbele ya vitu hivyo ulitegemea kile walichokuwa wamekigusa. Jibu la Molyneux, inaonekana, linategemea pia unamuuliza nani.

Lakini si kila anayefunguliwa macho hujifunza upesi kama watoto hao wa India, na kuna sababu. Katika miaka ya 1960 David Hubel na Torsten Wiesel walishona kope la jicho moja la paka wachanga kwa miezi michache ya mwanzo, kisha wakalifungua. Jicho lenyewe lilikuwa zima. Seli za ubongo zilizopaswa kulihudumia zilikuwa zimehamia kwa lile jicho jingine. Walipofanya hivyo kwa paka mkubwa, hakuna kilichoharibika. Hubel na Wiesel walikuwa wameonyesha pia kwamba paka mchanga huja na sehemu kubwa ya mtandao wake wa kuona ukiwa umeshaunganishwa. Mtandao ni wa kuzaliwa, lakini bila matumizi hupotea, na una muda wake. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Hili halikubaki maabara. Mzee mwenye mtoto wa jicho anaweza kusubiri miaka, akafanyiwa upasuaji na akaona tena, kwa sababu ubongo wake ulijifunza kuona zamani. Mtoto aliyezaliwa na ugonjwa huo hawezi kusubiri. Madaktari wa macho wa CCBRT Dar es Salaam na wa KCMC Moshi hupokea watoto walioletwa baada ya miaka ya kuzungushwa, na kwao upasuaji ni nusu tu ya safari: inabaki miwani, na mara nyingi kuziba jicho zuri kwa saa kadhaa kila siku ili ubongo ulazimike kulitumia lile dhaifu.

Jicho hilohilo limewaumbua pia wanaoegemea tajriba. Mwaka 1966 Marshall Segall na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika jamii nyingi, nyingi zikiwa za Afrika. Waliwaonyesha watu mistari miwili yenye urefu sawa, mmoja ukiwa na vishale vinavyotazama ndani na mwingine nje. Wamarekani walidanganyika sana kwamba mmoja ni mrefu. Wasan wa Kalahari karibu hawakudanganyika kabisa. Maelezo yalivutia: anayekulia kwenye nyumba za pembe mraba hujifunza kusoma pembe kama umbali, na anayekulia nyikani hajifunzi. Kwa nusu karne hoja hiyo ilifundishwa vyuoni. Mwaka 2015 timu ya Prakash iliwaonyesha mistari ileile watoto waliotoka tu kupata kuona. Walidanganyika palepale, bila kuwa na historia yoyote ya kutazama pembe za nyumba. Tofauti kati ya jamii ipo na haijafutwa, lakini maelezo yake hayawezi tena kuwa mepesi kiasi kile.

Locke alisema waulizeni watoto. Shida ilikuwa kwamba hawajibu, mpaka watafiti walipogundua kwamba mtoto hukikazia macho kwa muda mrefu kitu kinachomshangaza. Mwaka 1985 Renée Baillargeon, Elizabeth Spelke na Stanley Wasserman waliwaonyesha watoto wa miezi mitano ubao unaoinuka na kulala upande wa pili, huku nyuma yake kukiwa na boksi. Ubao ulipopita kana kwamba boksi halipo, watoto walitazama kwa muda mrefu zaidi, ingawa boksi lilikuwa limefichwa machoni pao. Mwaka 1992 Karen Wynn alionyesha kwamba watoto wa umri huo, wakiona mwanasesere mmoja akifichwa nyuma ya pazia na wa pili akiongezwa, hushangaa pazia likiondolewa akabaki mmoja. Spelke ameendelea kudai kwamba mtoto huja na mifumo michache ya msingi: ya vitu, ya idadi, ya mahali, ya watu. Wakosoaji wanajibu kwamba kutazama kwa muda mrefu si kushangaa kila mara, na kwamba miezi mitano ni muda mrefu kwa kiumbe kinachojifunza kutwa kucha.

Kwenye idadi, hata hivyo, mpaka umeanza kuonekana. Wamunduruku wa Amazon nchini Brazili hawana maneno thabiti ya idadi inayozidi tano. Pierre Pica na wenzake waliripoti mwaka 2004 kwamba Wamunduruku hukadiria na kulinganisha makundi makubwa ya nukta karibu sawa na Wafaransa, lakini hesabu kamili ya kutoa, kama sita toa nne, huwachanganya. Kukadiria wingi kunaonekana kuwa mali ya binadamu wote, na ya wanyama wengi. Kujua kwamba kumi na saba si kumi na nane kunahitaji mtu akufundishe kuhesabu.

Lugha ndiyo iliyowasha moto upya katika karne ya 20. Mwaka 1959 Noam Chomsky alikosoa vikali kitabu cha B. F. Skinner, aliyeeleza usemaji kama tabia inayojengwa kwa kuiga na kutuzwa. Mtoto, Chomsky alidai, husikia lugha iliyokatikakatika, lakini ndani ya miaka michache ana sarufi nzima. Lazima sehemu yake awe amezaliwa nayo. Ushahidi uliowapa nguvu wafuasi wake ulitoka Nicaragua. Hadi miaka ya 1970 viziwi wengi wa huko waliishi wametawanyika majumbani. Zilipofunguliwa shule zao Managua, walimu walisisitiza Kihispania na kusoma midomo. Watoto wakatengeneza lugha yao ya ishara uwanjani. Kilichovutia ni kwamba kila kundi dogo lililoingia liliipanga zaidi. Mtu anayesikia, akionyesha kwa mikono mpira unaobingirika kuteremka barabara, huzungusha mkono huku akiushusha kwa pamoja. Ann Senghas na wenzake waliona kwamba vijana wa makundi ya baadaye walitenga ishara ya kubingirika na ishara ya kuteremka, wakazifuatanisha. Hakuna aliyewafundisha kulikata tukio vipande hivyo.

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Mwaka 1996 Jenny Saffran na wenzake walionyesha kwamba mtoto wa miezi minane, akisikia kwa dakika mbili mfululizo wa silabi zisizo na maana, hutambua zipi huandamana mara kwa mara. Bila sarufi yoyote ya kuzaliwa, anafanya takwimu.

Kiswahili kimewahi kuitwa kwenye kesi hii. Kamil Ud Deen alirekodi watoto wadogo wa Nairobi wakizungumza nyumbani, akaona kwamba hudondosha kiambishi cha nafsi mwanzoni mwa kitenzi mara nyingi zaidi kuliko watu wazima wanaowasikiliza. Kwa hiyo hawakariri tu walichosikia. Deen alilieleza jambo hilo kwa muundo wa sarufi ya mtoto. Anayeegemea tajriba angeuliza kama sababu si sauti tu: mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na kilicho mwanzoni mwa kitenzi kirefu husikika kwa unyonge.

Ukitaka kuona kwa macho jinsi kuzaliwa na kujifunza kunavyoshonana, nenda Amboseli. Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walieleza kwamba tumbili wa huko wana milio tofauti kwa chui, tai na chatu. Wakisikia wa chui hukimbilia mtini, wa tai hutazama juu, wa chatu husimama na kukagua majani. Tumbili mchanga hutoa mlio wa tai kwa ndege wasio na madhara, hata kwa jani linaloanguka, lakini kwa kawaida hachanganyi ndege na mnyama wa ardhini. Makundi makubwa anayo tayari. Kuyachuja, kujua kwamba ndege huyu ni adui na yule ni jirani tu, huchukua miaka ya kuwatazama wakubwa. Mwaka 2019 watafiti walirusha droni juu ya jamaa wa tumbili hao walioko Senegal, ambao hawana mlio wao wa tai. Walipiga kelele mpya kwao, inayofanana sana na ile ya tai ya Amboseli, ingawa spishi hizo mbili zilitengana mamilioni ya miaka iliyopita. Mlio ulikuwa wa kurithi. Maana yake waliijifunza kwa kusikia mara chache tu.

Kumpa mtoto kwa kuzaliwa kile alichofundishwa kuna gharama, hasa anapokuwa mtoto wa Kiafrika. Katika miaka ya 1950 Marcelle Geber aliripoti kutoka Kampala kwamba watoto wachanga wa Kiganda wako mbele ya wa Ulaya katika kukaa na kutembea. Wapo waliolichukua hilo kama jambo la damu, na kutoka hapo si mbali kufika kwenye madai kwamba mwili unaokomaa mapema unafuatwa na akili inayosimama mapema.

Charles Super, aliyeishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, aliangalia jambo ambalo wengine hawakuliangalia: akina mama wanafanya nini. Aliona mtoto wa miezi mitano au sita akikalishwa kwenye kishimo kilichochimbwa, nguo zikiwa zimemzunguka asipinduke. Baadaye hushikwa kwapani na kutembezwa. Ni mafunzo ya makusudi, na Wakipsigis wana maneno yake. Matokeo yake ya mwaka 1976 yalikuwa safi kwa namna ambayo utafiti wa watoto huwa mara chache: watoto wa Kokwet walikaa na kutembea karibu mwezi mmoja kabla ya Wamarekani, lakini kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha, hawakuwa mbele. Damu isingechagua kukaa ikaacha kutambaa.

Leo mjadala umehamia kwenye mashine. Modeli za lugha husoma maneno kwa mabilioni mengi mpaka zikatunga sentensi safi, na wafuasi wa Locke wanasema hiyo ni sarufi bila kuzaliwa nayo. Wafuasi wa Chomsky wanajibu kwamba hakuna mtoto aliyewahi kusikia hata sehemu ndogo ya maneno hayo. Ndiyo maana mwaka 2023 watafiti walianzisha shindano la BabyLM, linaloziwekea modeli kikomo cha maneno milioni 100, kiasi ambacho mtoto hukisikia kabla hajawa kijana. Mwaka 2024 timu ya New York ilifundisha modeli kwa saa 61 za video kutoka kamera iliyovaliwa kichwani na mtoto mmoja kati ya miezi 6 na 25. Modeli iliweza kuoanisha majina mengi ya vitu na picha zake. Hayo ni majina. Vitenzi na sarufi ni mlima mwingine.

Majaribio yote mawili yalianza kwa Kiingereza, lugha ambayo kitenzi chake hubeba mzigo mwepesi. Kitenzi kama "hawatakupigia" hubeba ukanushi, nafsi, wakati, mtendewa, mzizi, kauli na kiishio, na mtoto wa Tanga hukimudu kabla hajaanza shule. Mashine ikikimudu kwa maneno machache kama ya mtoto huyo, wafuasi wa Chomsky watakuwa na la kujibu. Ikidondosha viambishi vilevile alivyodondosha mtoto wa Nairobi, wao na wapinzani wao watakuwa na kitu kimoja cha kupima. Kinachohitajika ni rekodi za watoto wengi zaidi wakiongea nyumbani, za Unguja, Mombasa, Lubumbashi, na vyuo vikuu vyetu vina wataalamu wa isimu wanaoweza kuzikusanya.